Mwongozo kamili: kusafisha sauti ya mpiga simu redioni bila kumeza maneno yake

Kipindi kiko hewani, mada ni mgogoro wa mashamba, na msikilizaji amepiga simu akiwa karibu na mashine ya kusaga. Anasema, "Hatutauza." Geti ya kelele pale studio, yaani mtambo unaofunga sauti mtu asipoongea, inachelewa kidogo kufunguka, na kinachowafikia wasikilizaji ni "tutauza". Silabi moja imeliwa na maana imegeuka kinyume chake kabisa. Kiswahili kinaweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi: ha-, si-, hu-. Mwanzo wa neno ndio unaotangulia kuliwa na mtambo uliorekebishwa vibaya, na hiyo "h" ni pumzi tu, nyepesi kuliko sauti nyingine nyingi tunazotamka. Mwishoni mwa neno nako si salama. Mkazo wetu unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho hutoka dhaifu. "Atalipaje?" ikikatwa mkia inakuwa "atalipa", na swali limegeuka ahadi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaweka kulinda neno mbele, na kupunguza kelele nyuma yake. Umeandikwa kwa ajili ya fundi mitambo na mtangazaji wa redio ndogo, mwenye miksa ya kawaida, kompyuta moja na simu ya kupokelea wasikilizaji. Anayetumia redio koli kazini naye atapata sehemu yake mwishoni.

Hatua ya kwanza: sikiliza kelele, uitaje jina

Kabla ya kugusa kitufe chochote, vaa hedfoni, fungua njia ya simu kwenye miksa na usikilize dakika nzima bila mtu kuongea. Kila kelele ina tabia yake, na tabia hiyo inakuonyesha inakotoka.

Mvumo mzito usiobadilika, "mmmm", ni umeme wa gridi. Afrika Mashariki tunatumia umeme wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo mvumo utakuwa kwenye 50 Hz na mafungu yake: 100, 150, 200 na kuendelea. Ukiwa laini na wa chini, mara nyingi waya wa sauti umepita karibu na transfoma au umelala sambamba na waya wa umeme. Ukiwa mkali kama nyuki, shuku chaja ya kompyuta au mzunguko wa ethi, yaani vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti.

Mlio wa "trrr, tr-tr-trrr" unaotangulia simu kuita ni wa simu yenyewe. Simu ya 2G hutuma mawimbi kwa mafungu mafupi, fungu moja kila milisekunde 4.6, ambayo ni sawa na mara 217 kwa sekunde. Waya wako wa maikrofoni unayapokea mafungu hayo na kuyageuza mlio wa 217 Hz na mafungu yake, ndani ya masafa tunayoyasikia.

Mchuruziko wa "shhhh" ni kelele ya vikuza sauti, na mara nyingi maana yake ni kwamba mahali fulani sauti imeingia ndogo sana ikalazimishwa kukua. Mkwaruzo unaokuja na kuondoka ni jeki au plagi iliyolegea. Sauti inayomeguka vipandevipande, kama mtu anaongea ndani ya bomba la maji, hiyo si kelele. Ni data ya simu iliyopotea njiani, na hakuna programu ya kupunguza kelele itakayoirudisha. Mwombe aliyepiga asogee mahali penye mtandao, au mpigie wewe.

Hatua ya pili: iue kelele kwenye chanzo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi wanapopita mbio kwa sababu wanaamini programu itawamalizia.

Anza na anayepiga. Mtu akishika simu sentimita 20 kutoka mdomoni halafu akaisogeza hadi 5, sauti yake inapanda kwa takriban desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huku kelele ya nyuma ikibaki palepale. Desibeli 12 ni nyingi kuliko zile ambazo programu nyingi zinaweza kukuondolea bila kuharibu maneno. Kwa hiyo anayepokea simu kabla haijaingia hewani awe na maneno yake tayari: "Shikamoo mzee, tafadhali toa simu kwenye spika ya nje, isogeze karibu na mdomo, sogea pembeni kidogo na kelele, na uzime redio yako." Hilo la redio kila msikilizaji analifahamu, maana watangazaji hulirudia kila siku. Sauti ya studio ikitoka kwenye redio ya msikilizaji, ikaingia kwenye simu yake na kurudi studio, unapata mwangwi, na mwangwi huo ni maneno halisi. Mtambo wa kutambua maneno utauruhusu upite.

Kisha angalia njia ya kurudi. Mpiga simu anapaswa kusikia kila kitu kinachotoka kwenye miksa isipokuwa sauti yake mwenyewe. Miksa nyingi ndogo zina njia ya pembeni, yaani oksi. Pandisha maikrofoni zote kwenye oksi hiyo, shusha hadi sifuri njia ya simu, halafu oksi ndiyo umpelekee mpiga simu. Ukikosea hapa atajisikia akijirudia, ataanza kusitasita, na mahojiano yatakwama.

Simu ikiwa imeungwa kwa waya, kumbuka kwamba tundu lake la hedfoni linatarajia sauti ndogo ya maikrofoni. Kutoka kwenye miksa kunakuja sauti kubwa mno kwa tundu hilo, hivyo unahitaji kipunguza sauti cha kama desibeli 40 katikati. Mvumo ukianza pale tu chaja inapochomekwa, umeshapata jibu: chomoa chaja, tumia betri wakati wa kipindi, au weka transfoma ndogo ya kutenganisha, yenye uwiano wa 1:1, kwenye waya wa sauti. Usikate kamwe waya wa ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo utaondoka, na siku kifaa kikivuja umeme, mtu wa kwanza kukishika atakuwa ndiyo ethi yenyewe.

Njia ninayoipendelea kwa studio isiyo na bajeti ni Bluetooth. Kipokezi cha Bluetooth kinachokubali simu za mazungumzo hakina waya wa shaba kati ya simu na miksa, kwa hiyo mzunguko wa ethi unakatika wenyewe. Hakikisha tu kinabeba sauti pande zote mbili, maana vingine vimetengenezwa kwa muziki pekee.

Simu ikae mita moja au zaidi kutoka kwenye miksa na waya za maikrofoni. Iweke kwenye 4G kama mtandao wako unapitisha mazungumzo kwa 4G, kwani ule mlio wa 217 Hz ni wa 2G. Waya za maikrofoni ziwe za XLR, zile za plagi ya pini tatu, zenye nyaya mbili za ishara: kelele inaziingia zote mbili kwa usawa, na upande wa pili miksa inatoa moja kwenye nyingine, kelele inajifuta. Waya wa jeki yenye ishara moja hauna kinga hiyo, na ukizidi mita chache unageuka antena.

Hatua ya tatu: pima viwango

Mwombe mwenzako apige simu na aongee kama anavyoongea kila siku. Rekebisha gein, yaani kiwango cha kukuza sauti, ya njia ya simu hadi sauti yake izunguke desibeli -20 kwenye kipimo cha kompyuta, vilele vikigusa -10 hivi. Mwambie anyamaze, usome tena. Tuseme kelele inakaa -52. Pengo kati ya neno na kelele ni desibeli 32, na hapo unaweza kufanya kazi vizuri. Pengo likiwa desibeli 10, rudi hatua ya pili. Andika namba hizi kwenye karatasi na uibandike ukutani, kwa sababu utazihitaji kuweka kizingiti cha geti, yaani kiwango cha sauti kinachoifungua.

Hatua ya nne: chuja masafa yasiyo na neno

Simu ya kawaida hupitisha masafa ya 300 hadi 3400 Hz na huchukua sampuli 8000 kwa sekunde, yaani huipima sauti mara 8000 kila sekunde. Sauti ya msingi ya mwanamume mtu mzima iko kati ya takriban 85 na 180 Hz, yaani chini ya mlango wa simu. Sikio letu huijenga upya kutokana na mafungu yake ya juu, ndiyo maana bado tunamtambua baba simuni.

Hii ina faida kubwa kwako. Kwenye simu ya kawaida, karibu kila kitu unachokisikia chini ya 200 Hz kwenye njia ya simu hakikutoka kwa mpiga simu. Kimeingia hapohapo studio. Weka kichujio cha kukata chini kwenye 200 Hz, chenye mteremko mkali kadiri miksa inavyoruhusu, na mvumo wa 50, 100 na 150 utapungua sana bila neno lolote kuguswa. Ukibaki na mafungu ya 200 na 250 Hz, tumia ikwalaiza yenye upana mwembamba kuyachoma moja moja.

Upande wa juu uwe mwangalifu. Simu za sauti pana huchukua sampuli 16,000 kwa sekunde na kufika karibu 7000 Hz. Ukikata kwenye 3400 kwa mazoea, unatupa "s", "sh", "f" na "th" zilizofika salama, na "sasa" na "fafa" zinaanza kufanana. Sikiliza kwanza. Kama juu ya 3500 hakuna kitu ila mchuruziko, kata. Kama kuna ung'avu wa sauti, acha hadi 7000.

Usitumie kichujio hikihiki kwenye maikrofoni ya mtangazaji. Kwake 80 Hz inatosha.

Hatua ya tano: elewa mtambo unavyolitambua neno

Geti, programu ya kupunguza kelele, simu yenyewe na hata redio koli vyote vina swali moja: je, sasa hivi mtu anaongea? Jibu likikosewa, kila kinachofuata kinakosewa.

Njia rahisi kuliko zote ni nguvu ya sauti. Mtambo unakata sauti vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 10 hadi 30, unapima nguvu ya kila kipande, na kikipita kizingiti unasema hapa kuna neno. Geti ya miksa haijui zaidi ya hapo, hivyo mlango ukibamizwa nao kwake ni neno.

Njia bora zinatazama sura ya sauti. Irabu ina mtetemo unaojirudia kwa mpangilio. Upepo hauna mpangilio huo. Konsonanti kama "s" haina mtetemo wa koo, lakini nguvu yake imejazana juu. Juu ya yote kuna mwendo: usemi wa binadamu hupanda na kushuka kwa silabi, kama mara 4 kwa sekunde, ilhali jenereta na feni havibadiliki. Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kina mapigo hayo wazi kabisa. Fungua rekodi yoyote ya mazungumzo kwenye kompyuta uivute karibu: utaona vilima vya irabu, na kati yake mabonde ya konsonanti. Mtambo unaopima kupanda na kushuka huko haudanganyiki kirahisi na mashine ya kusaga. Hudanganyika na baa, kwa sababu kelele ya baa nayo ni watu wanaoongea.

Jambo la tatu ni kusubiri. Mtambo mzuri haufungi mara tu nguvu inaposhuka. Unashikilia mlango wazi kwa muda, ili ile silabi dhaifu ya mwisho ipite.

Hatua ya sita: weka geti kwa mkono mwepesi

Chukua zile namba zako za ukutani. Kizingiti kiwe kama desibeli 8 juu ya kelele: kelele ikiwa -52, weka -44. Kufunguka kuwe kwa milisekunde 1 hadi 5. Kushikilia kuwe milisekunde 250 au 300. Kufunga kuwe taratibu, milisekunde 300 hivi.

Kisha kuna kipimo ambacho wengi hawakigusi, nacho ni kina cha kufunga. Geti nyingi zinakuja zikifunga kabisa, na matokeo yake kila mpiga simu akipumua hewa inakufa, akiongea kelele inarudi na kishindo. Msikilizaji anachoshwa na kelele inayowaka na kuzima kuliko kelele ndogo iliyotulia. Weka kina cha desibeli 10 hadi 12 tu. Kwa kina hicho, hata geti ikichelewa kufunguka, ile "ha" ya mwanzo inasikika kwa udogo badala ya kupotea.

Kama geti iko ndani ya kompyuta, tafuta mahali pa kuichelewesha sauti kidogo ili mtambo uione kabla haijatoka, na uipe milisekunde 10 au 20. Mlango unafunguka kabla neno halijafika. Kwenye geti za mitambo ya zamani hili halipo, hivyo huko punguza kina hata zaidi.

Jaribu kwa sentensi zinazouma, si "moja, mbili, tatu". Mwambie mwenzako aseme simuni, kwa sauti ya chini na kwa kusitasita: "Hatutafunga. Tutafunga. Sitaki. Hawajalipwa. Wamelipwa. Atafikaje? Atafika." Mtu mwingine, asiyeona karatasi, aandike anachosikia kutoka hewani. Akikosea hata moja, shusha kizingiti au punguza kina, urudie.

Hatua ya saba: kusafisha kilichorekodiwa

Kwa kipindi cha kurekodi una nafasi zaidi. Hifadhi kwanza nakala ghafi, halafu fungua nakala nyingine kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Mpangilio wake wa kupunguza kelele unafanya kazi kwa awamu mbili: unaionyesha programu sehemu yenye kelele tupu ili ijifunze sura yake, kisha unachagua rekodi yote na kuamuru ipunguze.

Kwenye simu za mkononi kuna mtego hapa. Mtu akinyamaza, simu yake huacha kutuma sauti kamili ili kuokoa betri na nafasi ya mtandao, na simu inayopokea hutengeneza yenyewe kelele laini ya kujazia ukimya, ili usidhani laini imekatika. Hiyo unayoisikia wakati wa ukimya mrefu ni kelele ya bandia. Inafanana na ile halisi kwa kiasi, lakini si ile iliyo chini ya maneno. Ukiichukua kama sampuli, programu itajifunza kitu kisichokuwepo pale unapotaka kisafishwe. Chukua sampuli kwenye kituo kifupi kati ya sentensi mbili, mara tu baada ya neno, wakati simu bado inatuma kelele halisi. Nusu sekunde inatosha.

Punguza desibeli 6 kwanza, ukizidi sana 9. Ukivuta 20 utasikia vilio vidogovidogo kama vya ndege wa mbali vikirukaruka nyuma ya maneno. Ni masalia ya hesabu yenyewe: programu inatoa kelele ya wastani kutoka kwenye kila fungu la masafa, na pale kelele halisi ilipozidi wastani hubaki vipande vya sauti vilivyotengana. Tatizo hili lipo tangu njia hii ilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970.

Audacity ina chaguo la kukusikilizisha kile tu kinachotolewa. Litumie kila mara. Ukisikia maneno ndani ya takataka, hata kwa mbali, umezidisha.

Anayependa kuandika amri kwenye kompyuta anaweza kutumia SoX kwa kazi hiyohiyo, hasa kwa faili nyingi:

sox ghafi.wav -n trim 12.4 0.5 noiseprof kelele.prof
sox ghafi.wav safi.wav noisered kelele.prof 0.15 highpass 200

Amri ya kwanza inajifunza kelele kuanzia sekunde ya 12.4 kwa nusu sekunde. Ya pili inasafisha kwa nguvu ya 0.15, kisha inakata masafa ya chini ya 200 Hz.

Siku hizi kuna pia programu zilizofunzwa kwa mitandao ya neva, kama RNNoise ya Jean-Marc Valin, ambayo inapatikana ndani ya OBS, programu ya bure ya kurekodi na kurusha matangazo. Ni nzuri sana kwa maikrofoni ya mtangazaji penye feni na jenereta. Lakini imejengwa kwa sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, na sauti nyembamba ya simu inaweza kuichanganya. Zaidi ya hapo, programu hizi zinakihesabu kelele kila kisicho usemi. Ukimhoji mpiga ngoma au kurekodi qaswida, izime kabisa, la sivyo dufu litamezwa.

Mwisho wa kusafisha, usisikilize kwa hedfoni za studio peke yake. Peleka faili kwenye simu ya bei nafuu na redio ndogo ya betri, kwa sababu huko ndiko wasikilizaji wako waliko.

Kwa wenye redio koli

Walinzi, madereva wa bandarini na waongoza utalii mbugani wanakutana na tatizo lilelile kwa sura nyingine. Redio ya FM isipopokea ishara hutoa mchuruziko mkali, na kinyamazishi cha redio, kile mafundi wanachokiita skwelchi, kinaupima mchuruziko huo juu ya masafa ya sauti: ukiwa mwingi kinafunga spika, ukipungua kinafungua. Kiweke kwa kukizungusha hadi mchuruziko ukatike, kisha kiongeze kidogo tu. Ukikikaza sana, mwenzako aliye mbali atapiga kelele na hutamsikia.

Kama watu wengine wanaingia kwenye chaneli yenu, wekeni toni ndogo ya kutambuana, zile zinazoanzia 67 Hz hadi 254.1 Hz. Redio zote za kundi ziwe na toni ileile. Toni haiwazuii wengine kutumia chaneli, inawafanya tu msiwasikie, hivyo angalia taa ya kupokea kabla ya kubonyeza, usije ukawakatiza.

Kurusha kwa kutambua sauti bila kubonyeza kitufe ni kwa mtu ambaye mikono yake imeshikwa na kazi, mahali pasipo na upepo. Hapo redio huchelewa kuwaka na neno la kwanza huliwa lote, kwa hiyo anza na jina la unayemwita, mara mbili: "Lango, Lango, gari halijaingia." Kwa anayebonyeza, bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uongee, na usiachie kitufe hadi silabi ya mwisho iwe imetoka. Maikrofoni iwe sentimita 5 hivi kutoka mdomoni, imeinamishwa pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" ipite kando.